Stempu Yenye Taa

Niseme mapema tusije tukapotezeana muda: mimi stempu sikuzipenda. Nilikuwa nesi wa wodi ya wazazi kwenye hospitali ya misheni huku Kibosho, nina watoto wa shule, nina ng'ombe anayelala na njaa nisipomkatia majani, nina mume anayeuza vipuri Dar es Salaam na kurudi Krismasi kama wenzake wote. Mtu wa namna hiyo stempu za nini? Lakini mkuu wangu wa wodi alikuwa Sista kutoka Kerala, kusini mwa India, na Sista huyo akishaamua jambo, hata kama ni upuuzi, mtalifanya wote.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Vitu vilikuwa vimerudi madukani, mitumba imejaa Moshi mjini, ndoo za plastiki za kila rangi, ila cha kununulia hakuna, kwa sababu kahawa ilikuwa imeshuka bei mpaka watu wakawa wanang'oa mibuni na kupanda nyanya. Hospitali nayo ilianza kuwataka wagonjwa wachangie. Basi akina mama wakawa wanachelewa kuja, na wakija wamekwisha. Tulichoka ule uchovu ambao ukilala unaamka nao. Katikati ya hali hiyo, saa ya chai, Sista anatoa bahasha kuukuu mfukoni, anazikata pembe, anazitia kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, halafu tunakaa kusubiri stempu ziachie gundi.

"Usivute," ananiambia. "Ukivuta unaichana. Itatoka yenyewe, kama mtoto."

"Sista, watoto wengine hawatoki wenyewe."

"Ndiyo maana tuko hapa. Subiri."

Na si kwamba alichukua stempu yoyote. Masista wenzake walimpa bahasha, mapadri walimpa, Wahindi wenye maduka mjini walimwekea zao kwenye mifuko ya sukari, naye nyingi alizitupa. Hakutaka viongozi, hakutaka ndege wala treni. Alitaka zile tu zenye kazi za mikono za upande wa kwao. Siku moja nikamletea stempu yetu, ina tembo mzuri na mlima nyuma yake, nimeitoa kwenye barua ya mume wangu. Akaitazama, akanirudishia.

"Tembo hajatengenezwa na mtu."

Nilikasirika kweli. Nikamwuliza, kwani Mungu si fundi? Alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha dirishani akauliza kuna nini.

Alizihifadhi kwenye kopo la biskuti, kila moja ndani ya karatasi ya nailoni, na hakuzigusa kwa kidole. Alizishika kwa kibano cha wodini kilichochakaa. Kulikuwa na mcheza ngoma aliyepakwa uso rangi ya kijani, na Sista akanieleza kwamba kuupaka uso ule ni kazi ya saa nyingi, mchezaji amelala chali asicheke. Kulikuwa na vinyago vya mbao vya watoto, vyekundu na vya njano. Kulikuwa na mama anayefuma hariri, mgongo umepinda hasa, na nilimhurumia huyo kuliko wote. Sista alikuwa ameweka nadhiri ya ufukara. Gauni ni la shirika, viatu ni vya shirika, hata saa ya mkononi ni ya shirika. Lile kopo ndilo pekee aliloruhusiwa kuliita lake, maana mkuu wao aliona ni karatasi za kutupa.

Ndani ya kopo kulikuwa na moja aliyoiweka peke yake. Ndogo, ya rangi ya kahawia, ina taa ya shaba ya kusimama, ile ya mafuta na utambi, na juu yake ndege. Baba yake Sista alikuwa mfua taa. Alitengeneza taa kwanza kwa nta ya nyuki, yote, mpaka manyoya ya ndege, akaifunika kwa udongo, akaichoma. Nta ikayeyuka ikatoka, pale ilipokuwa akamimina shaba iliyoyeyuka. Udongo unavunjwa, taa inatoka, na kwa hiyo hakuna taa mbili zinazofanana. Taa za kanisani aliziwekea msalaba juu, za majirani aliziwekea ndege. Na mzee huyo alikuwa amekula kiapo kwamba taa iliyochorwa kwenye ile stempu ni ya mkono wake, eti anamjua ndege wake kwa shingo. Serikali haikuwahi kumwuliza wala kumwambia. Wanawe wa kiume walimcheka, wakaenda Uarabuni kutafuta maisha. Mimi mwenyewe, nisiwe mnafiki, niliona ni ndege kama ndege wengine. Lakini mzee hakupenda kupigwa picha, hakuwahi kupigwa hata moja, na bintiye akiwa Afrika alichokuwa nacho cha baba yake kilikuwa hicho tu.

Jumapili baada ya misa Sista alipanda kwetu. Mume wangu ni kitinda mimba, kwa hiyo sisi ndio tulioachiwa nyumba ya baba yake na kihamba chake cha migomba, na mama mkwe ndani yake. Mama mkwe Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani, kingine chote Kichagga. Sista Kiswahili chake kilikuwa cha darasani. Pamoja na hayo walielewana kuliko walivyonielewa mimi. Mama alimpenda kwa sababu anakula mtori wetu wa ndizi bila kunusanusa, na kwa sababu anauliza maswali ya maana. Aliuliza, kwa mfano, chombo kile cha mbao kilichoinamishwa jikoni ni cha nini. Jamani! Hapo ndipo mama alipofunguka.

Kile chombo alikichonga marehemu baba mkwe. Alikuwa mchonga vyombo vya mbege, pombe yetu ya ndizi, mti mmoja mzima, kwa tezo na patasi, na watu walitoka mbali kuja kuagiza. Plastiki zilipokuja wakaacha. "Mbege ya ndoo ina harufu ya mafuta ya taa," mama alisema, akatema mate pembeni. Mzee alikufa tezo lake limepata kutu. Sista akatoa kopo, akamwonyesha mama ile stempu, akamsimulia nta na udongo na shaba. Mama aliishika kwa kibano, akaisogeza mwangani mlangoni.

"Huyu ni fundi," alisema. "Huyu na mzee wangu wangekaa wakanywa."

Tangu siku hiyo kila Jumapili alimwuliza Sista, baba hajambo? Hakuuliza habari za mama yake wala kaka zake. Fundi hajambo?

Kisha simu ikaja parokiani. Padri akatembea mwenyewe mpaka wodini. Mzee amefariki, na kwa joto la kwao wameshamzika. Sista alikuwa na mama mmoja leba ambaye mtoto wake amekaa vibaya. Alimsikiliza padri, akasema, "Asante, Baba," akarudi ndani kunawa mikono. Yule mtoto alitoka mzima. Sista akaandika ripoti, akakagua dawa, akaenda kanisani kusali, na kesho yake asubuhi yuko wodini kabla yangu. Hakulia. Wiki ikapita, hakulia. Nilimwambia apumzike akaniuliza nani atashika zamu. Jibu lilikuwa mimi, na mimi sikuiweza.

Kwetu jambo hilo liliwatia watu wasiwasi. Wanawake wa kijijini walibeba ndizi na maziwa na kuni wakaenda kwa masista kukaa matanga. Walipokelewa vizuri, wakapewa chai, wakasali pamoja rozari, wakaagwa. Walirudi wamenuna. Msiba gani huo wa chai na biskuti? Mama mkwe aliwasikiliza kutoka jikoni.

"Mtu hakai na msiba tumboni," aliniambia baadaye. "Utamwozea humo."

"Mama, ndivyo walivyo masista."

"Sista naye ana baba. Hakuzaliwa na kanisa."

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nikamwambia tu ndiyo mama, nikaenda kulala.

Sista naye alikuwa na shauri lake. Kaka zake, waliorudi kwa msiba, walikuwa wameshauza mitambo na makalibu yote ya baba kama chuma chakavu, udongo wameumwaga njiani. Likizo yake ya kwenda nyumbani ilikuwa imekaribia. Akasema atatengeneza fremu yenye kioo, stempu zote za kazi za mikono zizunguke, ile ya taa ikae katikati, na ataibeba mpaka kwao aitundike ukutani kwa mama yake, kaka zake waione kila wakija. "Hicho ndicho kilichobaki cha baba," aliniambia. Nikamtafutia fundi seremala kule Pasua, mjini, tukakubaliana vipimo. Sista akatakiwa kwenda Dar es Salaam kushughulikia karatasi zake za ukaaji, na kwa kuwa fremu ingeletwa kwangu, akaniachia kopo.

"Litunze," alisema.

Nililiweka juu ya kabati, nikamwambia mama mkwe ni nini, watoto wasiguse. Akasema sawa.

Siku ile sitaisahau. Masika yalikuwa yameanza, barabara ya kwetu ikinyesha ni tope hadi magoti, nimepanda na viatu mkononi, miguu haina hisia. Nakaribia nyumbani naona moshi, watu wamejaa uani, sufuria kubwa ziko mafigani, wazee wamekaa na mbege yao, wanawake wamejifunga kanga. Nikajua ni mama, au mtoto, au mume wangu ameletwa kutoka Dar. Nikaangusha viatu. "Nani? Nani?"

Mama mkwe akatoka jikoni, amevaa gauni lake jeusi la misibani, uso umetulia kabisa.

"Pole na kazi, mwanangu. Tumeshamzika."

"Mmemzika nani?"

"Baba yake Sista."

Nilidhani ni uchovu unanichezea. Akanishika mkono, akanielekeza migombani, pale alipolala baba mkwe. Pembeni yake kulikuwa na kitu kama kaburi la mtoto mchanga, udongo mbichi, kimefunikwa majani ya mgomba, na masale, ule mmea wetu wa makaburini, yamepandwa kukizunguka. Nikaelewa. Mungu wangu, nikaelewa.

Katika ukoo wa mama mkwe, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hawezi kuachwa vivi hivi. Huchukuliwa kitu kilichokuwa cha mwili wake, au cha mkono wake, kikavikwa sanda, kikazikwa kihambani kama yeye. Bila hivyo marehemu hana pa kukaa na wanawe hawana pa kulilia. Kwa mgeni, kupewa nafasi kihambani pembeni ya baba mwenye nyumba ni heshima ambayo hata wakwe hawaipati. Mama aliwaza, akashauriana na wazee wa ukoo, wazee wakakubali. Katekista alikuja akasema hakuna sala ya jambo hilo kwenye kitabu chake, akaongoza rozari. Kila mtu alifanya sehemu yake vizuri. Ndiyo ubaya wake.

Nilikimbia ndani. Kopo lilikuwa pale pale juu ya kabati, na mcheza ngoma yumo, na vinyago, na mama wa hariri. Taa haimo.

"Hao wengine si baba yake," mama alisema nyuma yangu. "Sikuwagusa."

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpandishia mama mkwe sauti kabla ya siku ile, na watu wote wale wananisikia. Nikamwambia, mama, ile ni karatasi! Iko ndani ya udongo wa masika! Sista anakuja kuichukua, nitamwambia nini? Nitaifukua sasa hivi. Nikashika jembe.

Mama hakunipigia kelele. Alikwenda akasimama mbele ya migomba, mwembamba kama ufito.

"Kaburi halifukuliwi. Ukiligusa, mwanangu, lipanue kabisa, unitie na mimi."

Wazee wakaniangalia. Mzee mmoja akasema taratibu, "Weka jembe, mama. Umechoka." Hapo ndipo nilipokasirika zaidi, kwa kuwa ni kweli. Nikaliweka. Nikawagawia watu ndizi kwa sababu zilikuwa zimeiva na mtu lazima azigawe.

Mvua haikukatika. Kila nikiisikia bati inalia niliiona ile karatasi inalowana, inaachia rangi. Sikuenda migombani tena, sikutaka kuona. Mume wangu nilimpigia simu kutoka posta, akacheka mpaka pesa ya simu ikaisha. Nilimchukia siku nzima. Fremu nayo ikaja kutoka Pasua, nzuri ajabu, nikaigeuzia ukutani.

Sista aliporudi sikungoja aulize. Nilimfuata ofisini kwake, nikafunga mlango, nikamwambia yote kama yalivyo. Alinisikiliza amesimama. Kisha akapiga meza kwa kiganja, akasema maneno ya kwao, mengi, sikuyajua lakini niliyaelewa.

"Kwa ruhusa ya nani?" alisema kwa Kiswahili. "Nani aliwaambia? Baba yangu kazikwa kwao! Mimi sikuwaomba kaburi!"

"Hukuomba, Sista."

"Nitaifukua mwenyewe."

Tukapanda naye mvuani. Mimi nilikuwa upande wake, niliseme hilo. Nilikuwa nimeamua: mama mkwe akisimama tena njiani nitambeba mgongoni nimpeleke ndani, na ukoo mzima uniseme mpaka uchoke.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda migombani, na gunia kichwani la kuzuia mvua, utadhani alijua saa. Hakutuzuia. Alimpa Sista mkono. Sista, pamoja na hasira zake zote, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nakungoja. Hatujamaliza."

Akainama, akaondoa majani ya mgomba yaliyofunika upande wa kichwani. Udongo ulikuwa umejazwa upande mmoja tu. Kichwani kaburi lilikuwa bado wazi, kishimo kisichozidi kiwiko, na chini yake kuna kifurushi cha kitambaa cheupe ndani ya majani makavu. Majani yale mapana yaliyokuwa juu yalikuwa yameikinga mvua. Kifurushi kilikuwa kikavu.

"Mtoto ndiye anayelifunga kaburi la baba yake," mama alisema. "Sisi tukufungie kwa mkono gani? Tumekuachia."

Nilikuwa sijui. Muda wote ule nimekesha nikisikiliza mvua, kumbe kilikuwa hapo, cha kunyoosha mkono tu. Nikamwinamia Sista sikioni. "Chukua," nikamwambia. "Chukua twende. Mama nitamshika mimi."

Alipiga magoti kwenye tope na lile gauni jeupe. Akaingiza mkono, akakigusa kifurushi, akakishika. Nikaona vidole vinakaza. Matone yanaanguka kwenye majani, na mimi nasema moyoni, nyanyua basi, nyanyua, huyo ndiye baba yako, huna mwingine.

Vidole vikaachia. Sista akatoa mkono, akachota udongo, akautia ndani. Akachota tena. Alipoona kitambaa hakionekani akawa anasukuma kwa mikono yote miwili, kama mtu anayechelewa, mpaka pakawa sawa. Kisha akabaki amepiga magoti, mikono imejaa tope, hajui aiweke wapi. Alikuwa mwanamke mzima aliyezalisha nusu ya watoto wa kata yetu, na alimgeukia mama mkwe akamwuliza kwa sauti ndogo:

"Sasa nafanyaje?"

"Sasa," mama alisema, "lia."

Akalia. Yesu na Maria, alilia yule mtu. Alimwita baba yake kwa lugha yao, alimwita na kumwita, mpaka wanawake ng'ambo ya korongo wakasikia, wakaacha kazi wakaanza kuja, mmoja mmoja, wamejifunga kanga. Na mimi niliyekuwa nimechoka tangu sijui lini, nikakaa chini kwenye tope lile, nikalia naye.